Mkanda wa simbi

Likizo ya mwaka 2012, nikiwa mwanafunzi wa baiolojia katika Chuo Kikuu cha Dodoma, nilikwenda Kongwa kumwamkia bibi, mkononi nikiwa na kopo lenye kauri, yaani simbi, makombe matupu ya konokono wa baharini, nilizookota ufukweni Bagamoyo. Zilikuwa za aina mbili za konokono wanaofanana mno, Monetaria moneta na Monetaria annulus. Niliamini kuwa nimekwisha kuzitambua: annulus ana pete ya rangi ya chungwa mgongoni, ilhali moneta ni wa manjano na kingo zake zina vinundu.

Bibi alizitazama, akaingia ndani, akatoka na mkanda wa ngozi wa marehemu mama yake, ulioshonewa simbi thelathini na nne, midomo yenye meno ikitazama nje.

"Mjukuu wangu, si ndizo hizi?"

Nilimjibu kwa uhakika kwamba zake zote ni moneta, maana zote zilikuwa za manjano. Nilikosea. Umanjano ule ulitokana na mafuta ya nyonyo na udongo mwekundu wa miaka mingi, na migongo ilikuwa imekatwa ili simbi zilale bapa juu ya ngozi na uzi upate pa kupita. Alama niliyoitegemea ilikuwa imeondoka pamoja na mgongo.

Bibi, ambaye hajawahi kuiona bahari, alipitisha kidole kwenye kingo, moja baada ya nyingine, akasimama kwenye tatu. "Hizi zina mabega," alisema. Ndizo zilizokuwa moneta. Nyingine zote zilikuwa duaradufu laini, yaani annulus. Sikupaswa kushangaa kuikuta annulus kwa wingi Ugogo, kwa kuwa misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita huku, na kauri hiyo ilikuwa tele katika pwani yetu hata wafanyabiashara wakaisafirisha kutoka Zanzibar hadi Afrika Magharibi, ambako moneta ya Maldivi ilikuwa imetangulia kutumika kama fedha.

Palikuwa na pengo moja kwenye mkanda. Bibi alichagua annulus kutoka kwenye kopo langu, akaanza kuusugua mgongo wake juu ya jiwe, na pete ikawa inageuka unga mbele ya macho yangu. Nilimwomba aache ulipobaki uzi mwembamba wa rangi ya chungwa ukingoni, naye akakubali, akaishona hivyo hivyo.