Nimefika Teshima na jina la bibi

Kutoka bandari ya Uno unapanda boti kama dakika 40 hivi unashuka Ieura, halafu unakodi baiskeli ya umeme maana kisiwa kina milima we acha tu. Teshima ni kisiwa kidogo cha Japani, bahari ya Seto, na mimi nilifuata kazi za Christian Boltanski, yule msanii Mfaransa aliyefariki 2021.

Nikaanzia Karato. Pale ufukweni kuna nyumba wanatunza mapigo ya moyo ya watu wa nchi mbalimbali, Boltanski alianza kuyarekodi 2008. Unaingia chumba giza tupu, taa moja inaning'inia, moyo ukipiga inawaka, ukipumzika inafifia, du-dum du-dum, na hujui mwenye moyo bado yupo ama keshatangulia. Nilikaa mle mpaka mdundo nikawa nausikia kifuani kwangu.

Sasa bibi yangu hatuna hata picha yake moja, sauti ndo kabisa. Alichotuachia ni hadithi, na moja alikuwa anairudia sana, kwamba ukisikia jina lako linaitwa usiku usiitike, subiri liitwe mara tatu, anayeita mara moja huyo sio mtu ni upepo unakujaribu. Tulikuwa tunajifunika shuka hadi kichwani jamani.

Nikapanda mlimani kwa miguu, msituni huko kuna kazi yake nyingine, kengele za upepo kama 400 hivi zimetundikwa mitini, kila moja ina kibao chembamba kimeandikwa jina la mtu aliyependwa na aliyemwandikisha. Hakuna picha wala maelezo, jina tu. Babake Boltanski alikuwa Myahudi, wakati wa vita alifichwa chini ya sakafu nyumbani kwao Paris, na yeye kazaliwa 1944 akakua akisikia hayo masimulizi ya wakubwa, kwa hiyo mimi naona alijua vizuri familia inavyobebwa na maneno tu.

Mwanzoni kimya. Halafu upepo ukaja kutoka baharini, ikalia moja, zikalia kumi, msitu mzima ukalia, yaani yale majina yote yanaitwa mchana kweupe na mimi nimesimama katikati nywele zimenisisimka. Jina la bibi halipo pale. Nikalitaja mwenyewe kwa sauti, mara tatu, nikatulia kusikiliza.