Mikesha chotara wa Beijing: anza na mkia

Kila majira ya baridi bustani za Beijing hupata wageni kutoka Siberia, wakiwemo ndege waitwao mikesha (jenasi Turdus) wa aina nne ambao ukiwaangalia vizuri ni jozi mbili. Kuna mkesha wa Naumann (Turdus naumanni) na mwenzake mwenye mabaka meusi (Turdus eunomus). Kisha wapo koo-jekundu (Turdus ruficollis) na koo-jeusi (Turdus atrogularis). Katika kila jozi maeneo ya kuzaliana yanaingiliana na ndege huzaa machotara, ndiyo maana kwa miaka mingi wataalamu waliihesabu kila jozi kuwa spishi moja. Kumkuta chotara basi si kioja. Kazi ni kumthibitisha.

Mimi nimetokea Lushoto, ambako mkesha wa Usambara hazui ubishi. Masomo yalinipeleka Beijing, na uwanja wangu ukawa bustani ya Hekalu la Mbingu, kwenye mitarakwa mikongwe ambayo tunda zake huwaita mikesha tangu alfajiri.

Kilichonisaidia ni kukiacha kifua mpaka mwisho. Kifua ndicho kinachovutia macho, lakini rangi yake hubadilika kwa umri na jinsia, na theluji huongeza utata: mwanga hurudi kutoka chini, tumbo likaonekana jeupe kuliko lilivyo, na jua la jioni humtia kila ndege wekundu asio nao. Kwa hiyo naanza na mkia, halafu bawa. Naumann halisi ana mkia wenye wekundu wa tofali na bawa la kahawia tupu. Mwenye mabaka meusi ni kinyume: mkia wa giza, bawa lina eneo pana la hudhurungi nyekundu, na juu ya jicho kuna mstari mweupe.

Mkia huonekana vizuri ndege anaporuka, yaani kwa nusu sekunde. Hapo niliwategemea wastaafu wa pale, wenye kamera za lenzi ndefu kama bomba la maji. Wakishapiga picha mfululizo, nilikuwa nasalimia, naomba kutazama, na mzee mmoja alizoea kunisogezea picha ya mkia kabla sijafungua mdomo.

Ndege niliyemwandika kuwa chotara bila wasiwasi mkubwa alikuwa na madoa ya tofali kifuani yaliyochanganyika na meusi, bawa jekundu, na mkia wa giza wenye wekundu kwenye shina tu. Hizo ni sehemu tatu za mwili zinazopingana. Madoa meusi machache kifuani hayatoshi, maana Naumann wengi wanayo.

Jozi ya pili ni ngumu zaidi. Dume mwenye koo jeusi lililoingiwa na wekundu, na mkia wenye wekundu pembeni, nitamtetea mbele ya yeyote. Majike na makinda ni habari nyingine, kwani koo zao zina michirizi tu. Yupo jike niliyemtazama kwa darubini akila tunda karibu kabisa, wekundu wa mkia ukiwa hafifu mno. Kwenye daftari ameandikwa “koo-jekundu au chotara”, na sina mpango wa kukata neno moja kati ya hayo.