Z yangu na 911 ya mjomba: kabureta na tapeti

Jumamosi. Datsun 240Z ya 1972 imewaka leo na ikatulia bila kukanyagwa mafuta, mara ya kwanza tangu niinunue. Mikono bado inanuka petroli na sina haraka ya kunawa.

Siku nzima imeishia kwenye kabureta, zile zinazochanganya hewa na petroli. Ziko mbili, kila moja inalisha silinda tatu, na zisipovuta hewa sawasawa injini hutetemeka kama mtu mwenye malaria. Nilichukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta. Ya mbele ilivuma, ya nyuma ilinong'ona. Zungusha skrubu kidogo, sikiliza, rudi mbele, sikiliza tena, mpaka sauti zikawa moja. Kisha nikainua pistoni ya kabureta kwa bisibisi, kama milimita moja tu. Injini ikipanda na kubaki juu, petroli imezidi. Ikitaka kuzima, imepungua. Yangu ilipanda kidogo, ikashuka, ikatulia. Nilikaa chini palepale.

Jumapili. Kwa mjomba, kwenye Porsche 911T yake ya 1970. "Mpwa, usizime," akaniambia nilipotaka kupima oili. Kwenye 911 unapima injini ikiwa moto na inanguruma, gari likiwa mahali tambarare, maana oili inakaa kwenye tangi lake pembeni. Kwa Z unazima, unasubiri ishuke.

Tapeti, yaani kurekebisha ile nafasi ndogo ya valvu, ndizo zilizonifundisha zaidi. Injini zote mbili zina valvu 12. Kwa Z unafungua kifuniko kimoja na zote zimejipanga mbele yako. Saa moja inatosha. Kwa 911 ni vifuniko juu na chini, kila upande, nawe umelala chali, injini baridi kabisa, ukitafuta nafasi ya milimita 0.1. Tulianza asubuhi, tukamaliza kiza kikiingia.

Porsche waliweka injini nyuma ya ekseli na hawakubanduka; mkia uliposumbua kwenye kona, kwa magari ya mwaka 1969 walirudisha magurudumu ya nyuma milimita 57 zaidi kuelekea mkiani. Naupenda ukaidi huo. Nissan, wenye jina la Datsun, waliweka silinda sita mbele, cc 2,393, kwa bei ambayo Mmarekani wa kawaida angeimudu.

Na kwa barabara zetu? Z ilishinda Safari Rally 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na 1973 na Shekhar Mehta. Dereva Björn Waldegård na 911 walikuwa wa pili 1974. Mwaka 2011 akarudi na 911 akashinda Safari ya magari ya kale. Mjomba hutaja hiyo ya 2011 kila mara. Mimi bado nasimama na Z, kwa sababu inamsikiliza mtu mwenye kipande cha mpira.

Wiki ijayo ni kutu chini ya betri. Nimeigusa kwa bisibisi jioni hii, ikapenya hadi upande wa pili.