Ua Linalomngoja Msafiri
Somo: Luka 1:36–56

Bwana asifiwe, wapendwa.

Sisi tunaoishi hapa Iowa tunaijua Septemba. Mahindi yamekauka, bustani zimechoka. Ndipo ua liitwalo asta ya New England linapochanua, zambarau lenye kitovu cha njano. Ni mwenyeji wa mbuga za nyasi zilizofunika sehemu kubwa ya jimbo hili kabla ya jembe. Leo vimebaki vipande vidogo mno, kwa hiyo hata shina moja nyuma ya nyumba si kitu cha kudharau.

Mbegu zake hunyunyizwa juu ya udongo mwezi Novemba, maana baridi ya theluji ndiyo inayoziamsha. Juni unapunguza mashina, yasije yakaanguka kwa urefu. Hadi Agosti mmea unafanana na gugu, na wengi huung'oa.

Lakini tazameni unamchanulia nani. Vipepeo monaki hupita wakielekea milima ya Mexico, ambako hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika, na mafuta ya kuwavusha majira ya baridi huyapata kwenye maua ya njiani. Tena wapo wale nyuki wanene wenye manyoya: baridi huua kundi zima, wakabaki malkia vijana tu, ambao lazima washibe kabla ya kulala ardhini hadi masika. Ua la Mei haliwafai hawa.

Ndiyo maana nampenda Elisabeti, aliyepata mimba uzeeni. Tumezoea kuhesabu miaka aliyongoja. Mimi namtazama mgeni wake. Kama angezaa ujanani, Mariamu angemkuta mama wa watu wazima. Kwa kuwa alichelewa, binti aliyebeba habari ngumu kuaminika alipata nyumba moja ambako hakuhitaji kujieleza. Aliposalimu tu, kitoto kiliruka tumboni mwa mwenyeji, na Mariamu akabarikiwa kabla hajasema lolote zaidi. Akakaa huko kama miezi mitatu!

Kati yetu wapo waliopata karatasi, kazi au mtoto baada ya miaka mingi ya kambi za wakimbizi. Ndugu yangu, usione haya mbele ya waliotangulia. Familia zilizofika juzi zinamhitaji mtu ambaye bado anakumbuka foleni ya maji na usiku wa kutojua kesho. Wiki hii tuwaombee kwa majina, na kila nyumba ichague familia moja ya kuitembelea kabla theluji haijaanguka.