Maboksi Thelathini na Sita

Mama aliponiachia nyumba ya Tandika, Dar es Salaam, vyumba sita vya kupangisha na ukumbi katikati, mimi niliona sakafu tu. Ilikuwa 2016, na kila dalali aliyepita mtaani alikuwa akisifia vyumba "vyenye tailizi". Vyangu, vya shilingi 40,000 kwa mwezi, vilikuwa na saruji iliyochimbika.

Nikawaomba wapangaji kodi ya miezi sita kwa mkupuo: 1,440,000. Nikaongeza akiba yangu ya 800,000, tukaenda mimi na fundi kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, mtaa wa Gerezani. Chumba ni futi kumi kwa kumi, mita za mraba tisa na ushee. Boksi la tailizi za sentimita 40 kwa 40 lilikuwa na vipande 12, yaani mita za mraba 1.92. Matano yanatosha, nikasema. Fundi akacheka.

"Bosi, na za kukata pembeni? Na zitakazovunjika? Chukua sita."

Sita mara sita. Nikalipa 864,000 taslimu, 24,000 kila boksi, nyeupe za kung'aa. Saruji, mchanga na ujira wa fundi havikuwamo hata kwenye karatasi yangu ya hesabu.

Fundi akaanza na chumba cha nyuma. Siku ya pili mpangaji wa chumba cha kwanza, mama muuza vitumbua aliyenijua tangu nikivaa kaptura za shule, akaja kuchungulia. Akavua kandambili, akakanyaga, akasema zinapoza miguu.

"Nzuri, mwanangu. Ila mvua ikinyesha, chooni bado tutakwenda na mwavuli?"

Nilitamani sakafu ileile mpya inimeze. Choo cha uani hakikuwa na paa tangu upepo ung'oe bati. Mlango ulifungwa kwa kamba, na maji ya kuogea yalituama kwa kuwa bomba la kuyatoa lilikuwa jembamba. Mimi nilikuwa nafika mwisho wa mwezi, napokea kodi ukumbini, naondoka. Tangu arobaini ya mama sikuwahi kukanyaga uani.

Masika yalikuwa mlangoni. Nikarudi dukani na maboksi 30 yasiyofunguliwa. Muuzaji akanionyesha risiti kwa kidole: mali ikishauzwa hairudishwi. Tukavutana mpaka adhuhuri. Pesa hakutoa, ila alikubali nichukue bidhaa nyingine, kila boksi akilihesabu kwa 22,000. Sitini elfu zikayeyuka nimesimama palepale. Nikachukua bati za geji 28 (geji 30 fundi alizikataa, nyembamba), mbao, bomba la inchi nne, bawaba, komeo, na tailizi za kukwaruza za bafuni, maana zile za kung'aa zikishika povu la sabuni ni mtego.

Kodi niliyopanga kupandisha niliiacha hapohapo 40,000. Ningeanzaje kuidai, na ya miezi sita nilishaila? Vipande vilivyosalia mama wa chumba cha kwanza aliviomba, akavipanga juu ya meza yake ya vitumbua pale barazani.