Maji ya baraka na mikorosho ya bibi

Leo baada ya misa hapa Ndanda, bibi kamfuata padre na dumu la lita tano. Dumu! Wenzake wote wana vichupa.

Padre akacheka. Akatia chumvi kidogo, akasali, akachora ishara ya msalaba. Kisha akatukumbusha: hii si dawa wala hirizi. Ni kisakramenti, yaani ishara takatifu inayotukumbusha ubatizo wetu. Ndiyo maana tunachovya kidole mlangoni kabla ya kuingia kanisani.

Bibi akaitikia, "Ndiyo baba." Mimi namjua, safari ya shambani ilishaiva.

Bodaboda wetu, Muislamu, akauliza njiani, "Bibi, hayo kama zamzam yetu?"
"Yenu yanatoka Maka, mjukuu wangu. Haya yamebarikiwa na padre wetu hapahapa."

Shambani akachovya tawi, akanyunyizia mkorosho mmoja mmoja, midomo inacheza. Matone yakabaki yanang'aa kwenye maua.

Kumaliza tu, akanigeukia:
"Haya, kesho mpuliziaji aje na salfa, ile dawa ya mikorosho. Mungu hapulizi salfa."

Nimecheka mpaka basi 😂

Nyie kwenu maji ya baraka mnayatumiaje? Nyumba mpya? Mgonjwa? Gari?