Siku moja maishani mwangu: vioo, wino na modeli ya saratani ya matiti

Saa 12 asubuhi niko kwenye mwendokasi kutoka Kimara, nimesimama mpaka mjini kama kawaida. Nikisema nafundisha kompyuta kusoma saratani, watu hudhani nashinda mbele ya skrini. Nusu ya siku naimaliza kwenye maabara ya patholojia.

Saa 2 nafika. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, leo mzigo upo." Fundi mkuu ananikabidhi trei ya vioo. Juu ya kila kioo kuna ukanda mwembamba wa uvimbe wa titi, umetiwa hematoksilini iliyogeuza viini vya seli kuwa zambarau na eosini iliyofanya vilivyobaki kuwa waridi. Rangi hizi ni nafuu. Kinachokwamisha ni kipimo cha pili, immunohistokemia, kinachoonyesha kama seli zina vipokezi vya homoni ya estrojeni. Mgonjwa mwenye navyo hufaidika na dawa ya tamoksifeni. Asiye navyo haimsaidii. Vitendanishi vyake, yaani kemikali za kukifanyia, ni ghali na hukatika. Ndiyo maana tunafundisha modeli, yaani programu ya kompyuta, ijaribu kubashiri jibu kutokana na rangi za kawaida. Si ndoto: mwaka 2019 kikundi cha Jakob Nikolas Kather, Ujerumani, kilionyesha kwamba hitilafu ya kijenetiki inayosaidia kuchagua tiba inayoamsha kinga ya mwili kwenye saratani za tumbo na utumbo inaweza kubashiriwa kwa picha kama hizi.

Saa 4, skana. Kwanza nafuta vioo kwa spiriti. Madaktari huweka vidoti vya kalamu pembeni mwa uvimbe, na ukiviacha modeli inajifunza wino. Niliwahi kufungua ramani ya rangi inayoonyesha ilikokazia macho: nyekundu tupu juu ya kidoti cha kijani, seli za saratani pembeni zimepuuzwa. Picha ya kioo kimoja ina piseli mabilioni, kwa hiyo tunaikatakata vipande vidogo. Jibu tunalo moja tu kwa kioo kizima. Vipande vyenye maana modeli inavitafuta yenyewe.

Saa 7, wali maharage.

Saa 8, kikao, na ubishi. Miongozo ya kimataifa inataka kipande cha titi kikae kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, kati ya saa 6 na 72. Baadhi ya vipande vyetu vilisafiri kutoka mikoani na muda haukuandikwa. Hapo hata jibu la immunohistokemia lina mashaka, na ndilo tunalofundishia. Wenzangu wanataka wingi wa data. Mimi nataka vioo hivyo vitolewe, hata ikibaki nusu. Kwenye kutenga vioo vyote vya hospitali moja kwa ajili ya majaribio hatubishani, maana modeli hutambua hospitali kwa namna kila moja inavyopaka vioo rangi, ikajifanya imetambua ugonjwa.

Saa 10 daktari wa saratani ananiuliza, "Nimwandikie mama wa watu tamoksifeni kwa sababu kompyuta imesema?"

"Hapana, daktari. Vitendanishi vikiwa vichache, inakuonyesha nani apimwe kwanza."

"Na wa mwisho kwenye orodha, vikiisha?"

Saa 11 nafungua rasimu ya utaratibu na kuongeza sharti: aliyerukwa awamu hii anaongoza foleni awamu ijayo, modeli iseme itakavyo. Kesho tunalipigia kura, pamoja na vile vioo vya mikoani.